Kisu Kilichoruka Dirishani

Jumamosi asubuhi nyumba ya Glenys na Clive ilikuwa na kelele zake za kawaida. Mashine ya kufulia ilinguruma. Redio ilitangaza mechi za jioni. Glenys alikuwa jikoni akikata karoti za supu ya kondoo. Clive alikuwa amepiga magoti kwenye korido, penseli sikioni, akipima ukuta.

"Ulipima jana, Clive," Glenys alimwambia. "Ukuta haujakua usiku."

"Baba akikuta reli imepinda, nitasimangwa mpaka nizeeke."

"Umeshazeeka tayari."

Clive alicheka. Kazi yake ilikuwa kuendesha lori la maziwa, shamba hadi shamba, mpaka kiwandani. Glenys alioka mikate kwenye duka moja pale mjini Wynyard. Jumamosi walikuwa nyumbani wote wawili.

Baba yake Clive aliitwa Mzee Alby. Alikuwa ameteleza kwenye matope mlangoni mwa zizi lake, akavunjika nyonga. Hospitali ilimtibu, na sasa alikuwa karibu kutolewa. Lakini asingeweza tena kuishi peke yake shambani. Angekuja kukaa kwa mwanawe. Chumba chake kilikuwa mwisho kabisa wa korido, na korido yenyewe ilikuwa ndefu. Alihitaji reli ukutani, kitu cha kushika njia nzima.

Clive alimpelekea picha za reli za alumini. Mzee alizitazama kama mtu aliyeletewa maziwa yaliyochacha.

"Mnataka kunifungia kama ng'ombe wa kukamuliwa?" aliuliza. "Nimekamua maisha yangu yote. Sasa imefika zamu yangu?"

Basi Clive akaamua kutengeneza reli ya mbao. Zizi la zamani la mzee lilikuwa limebomolewa, lakini mbao zake za mkaratusi zilikuwa nzima. Mzee aliposikia hivyo akasema, "Hizo sawa." Kwa Mzee Alby, hizo zilikuwa sifa nyingi.

Shida ilikuwa kingo za mbao. Siku moja hospitalini nesi alifungua bandeji kwenye mkono wa mzee, na Glenys akashtuka. Aliona kidonda kirefu kama kidole.

"Kapigwa na nini?" aliuliza.

"Hajapigwa," nesi alijibu. "Kapitisha mkono kwenye kona ya kabati hii, basi. Ngozi yake imekuwa nyembamba kama ganda la kitunguu. Ukingo wowote mkali unaichana. Na ikichanika, haifungi haraka."

Njiani kurudi nyumbani Glenys alifikiria ile mbao ya zizi. Ilikuwa na pembe nne, na zote zilikuwa kali. Clive naye alikuwa akifikiria hilohilo. Usiku uleule akaingia mtandaoni, akaagiza ruta.

"Ruta?" Glenys alishangaa sanduku lilipofika. "Kwani intaneti yetu ina tatizo gani?"

"Siyo ruta ya intaneti, mke wangu. Ruta ya mbao. Chini ina kisu kinachozunguka. Unaipitisha ukingoni, kona kali inakuwa mviringo. Kazi ya dakika tu."

Akaitoa kwenye sanduku. Ilikuwa mashine kubwa nyekundu yenye mishikio miwili. Glenys alijaribu kuinyanyua. Ilikuwa nzito kama mtoto wa miezi mitatu.

"Mbona likubwa hivi?"

"Ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Muuzaji anasema inafanya kazi zote, kubwa na ndogo. Na visu nimepata seti nzima kwa bei poa, kwa muuzaji mwingine."

"Umesoma maelezo yake?"

"Glenys, naendesha lori la tani arobaini. Nitashindwa na kidude cha mkono?"

Jumamosi hiyo, alipomaliza kupima korido, Clive alikwenda kwenye banda la nyuma ya nyumba. Glenys alisikia mashine ikiwaka. Mlio wake ulikuwa wa juu sana, kama ndege inayotaka kupaa. Aliweka sufuria pembeni, akatoka nje kumwita mumewe aje kula. Alikatiza uani akapita karibu na dirisha la banda.

Mara mlio ukabadilika. Mashine ilikoroma. Ilikwama, ikapiga kelele ya kutetemeka.

Kioo cha dirisha kikapasuka.

Kitu kikapita mbele ya uso wake. Hakukiona. Alisikia upepo tu kwenye ncha ya pua, na sauti fupi, *fyuu*. Vipande vya kioo vilidondoka kwenye viatu vyake. Glenys alisimama palepale. Alifikiri kuna mtu amepiga risasi.

Ndani ya banda mashine ilikuwa bado inanguruma.

Alikimbia akaingia. Clive alikuwa amegandana na ukuta, mikono juu, kama mtu aliyeshikwa na majambazi. Ruta ilikuwa sakafuni. Ilikuwa imelala ubavu, inarukaruka na kujizungusha kama samaki aliyetolewa majini. Glenys hakufikiri. Aliruka mpaka ukutani akachomoa waya kwenye umeme.

Kukawa kimya.

"Umeumia?" aliuliza.

Clive alitazama vidole vyake kimoja kimoja. "Sijui," alisema. "Vyote vipo."

Glenys aliitazama mbao. Ukingo ulikuwa umechongwa vizuri kidogo tu. Baada ya hapo kisu kilikuwa kimezama zaidi na zaidi, kikachimba shimo baya lililopinda. Clive aliigeuza ruta kwa ncha ya kiatu.

"Kisu hakipo," alisema taratibu.

Wote wawili wakageuka. Wakatazama dirisha lililovunjika.

"Clive," Glenys alisema. "Mimi nilikuwa pale nje. Hapo hapo dirishani."

Clive akakaa chini kwenye vumbi la mbao, akafunika uso kwa mikono.

"Nyie!" Sauti iliita kutoka upande wa uzio. "Mko wazima huko?"

Alikuwa jirani yao, Bi Roslyn. Alikuwa amewahi kufundisha useremala shuleni, na baada ya kustaafu aliendelea kufundisha kwenye karakana ya jamii, ile ya nyuma ya uwanja wa mpira. Aliingia bandani akiwa na koleo la jikoni mkono mmoja na foronya nyeupe mkono wa pili. Koleo lilikuwa limebana kisu kidogo cha chuma. Katikati ya foronya kulikuwa na tundu lenye kingo za kahawia.

"Hiki ni chenu?" aliuliza.

Clive alikitazama kisu, akaitikia kwa kichwa.

"Kimeangukia kwenye kapu langu la nguo. Nilikuwa nimeinama kuokota vibanio. Nikasikia kitu kinapita juu ya mgongo. Kilikuwa cha moto, tazameni, kimeunguza foronya." Alivuta pumzi. "Kama ningekuwa nimesimama wima, Glenys..."

Glenys alimshika mkono.

"Nisamehe, mama," Clive alisema kutoka sakafuni. "Nilikaza ile nati kwa nguvu zangu zote. Naapa. Nilikaza mpaka mkono ukauma."

"Nakuamini," Bi Roslyn alisema. "Na hilo ndilo linalonitisha. Lete visu vilivyobaki."

Kabla ya kugusa mashine, Bi Roslyn aliutafuta waya wake. Alipoona umechomolewa, akaitia plagi yake mfukoni mwa aproni.

"Unapobadilisha kisu, plagi ikae mahali unapoiona," alisema. "Kuzima swichi hakutoshi. Swichi ni rahisi kuguswa."

Akaigeuza mashine chini juu. Akaonyesha tundu la katikati, pale kisu kinapoingia.

"Huu ndio mdomo. Ukikaza nati, mdomo unabana mguu wa kisu. Sasa soma hapa, Clive, umeandikwa nini?"

Clive alisogea, akafinya macho. "Robo inchi."

"Na boksi la visu?"

"Milimita sita." Clive aliinua kichwa. "Lakini ni kitu kimoja hicho, sivyo? Kisu kiliingia vizuri kabisa."

"Siyo kitu kimoja. Robo inchi ni milimita sita na kidogo."

"Kidogo kiasi gani?" Glenys aliuliza.

"Unene wa karatasi tatu, pengine nne."

"Karatasi tatu!" Glenys alipaza sauti. "Karatasi tatu ndizo zilizotaka kunitoa macho?"

Bi Roslyn hakucheka. Alichukua kisu kingine kwenye boksi lilelile, akakitia mdomoni mwa mashine. Akampa Clive spana. "Kaza. Kaza kama ulivyokaza mwanzo."

Clive alikaza. Mishipa ya shingo ikamtoka. Alipomaliza alijaribu kukitikisa kisu kwa vidole, na hakikusogea hata kidogo.

"Kimekaa?" Bi Roslyn aliuliza.

"Kimekaa kama jino."

Bi Roslyn alikishika kisu kwa plaisi. Akakizungusha kidogo huku anavuta. Kisu kikatoka chote, laini, kama mshumaa unaochomolewa kwenye keki.

Clive alibaki na spana mkononi.

"Lakini nimekaza!"

"Umekaza nati," Bi Roslyn alisema. "Kisu hujakikaza. Mdomo ulifika mwisho wa kubana kabla haujakishika vizuri. Mikono haiwezi kuijua tofauti hiyo. Sasa fikiria, mashine hii inazunguka zaidi ya mara elfu ishirini kwa dakika. Kisu kinateleza chini taratibu, kinazama kwenye mbao, kinakwama, halafu kinatoka."

"Mara elfu ishirini," Glenys alirudia. Ilibidi akae kwenye ndoo.

"Kumbe ni visu tu, basi," Clive alisema. "Mashine yenyewe haina kosa."

"Mashine ni nzuri. Ila niambie, unataka kuifanyia nini?"

"Kuviringisha kingo za reli ya baba."

"Kuna kingine?"

"Hakuna."

"Lile lori lako la maziwa," Bi Roslyn aliuliza, "huwa unalipeleka dukani kununua mkate?"

Glenys aliangua kicheko. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyeogopa sana, na kilimtoka pamoja na machozi.

Lakini Clive hakucheka. Alisimama, akaibeba ile ruta, akairudisha sandukuni.

"Siigusi tena," alisema. "Si kubwa, si ndogo. Kesho naagiza zile za alumini."

"Na baba je?" Glenys aliuliza.

"Baba atanitukana. Heri matusi kuliko kukuzika."

Hilo lilimgusa Glenys. Lakini alimfahamu mkwewe. Reli asiyoitaka asingeishika. Angejaribu kutembea bila kushika chochote, na angeanguka tena.

"Basi nitafanya mimi," alisema.

Clive alimkodolea macho. "Wewe?"

"Mimi. Ninakanda unga wa mji mzima wewe ukiwa bado unakoroma. Nitashindwa na ukingo wa mbao? Bi Roslyn, utanifundisha?"

"Jumanne asubuhi," Bi Roslyn alisema. "Nywele uzifunge. Usivae shati lenye mikono inayoning'inia. Na foronya utanilipa."

Jumanne wote wawili waliomba ruhusa kazini, na Clive akampeleka mkewe karakana kwa gari. Yeye alikataa kushuka. Alisema atasikiliza redio.

Mezani Bi Roslyn alikuwa ameweka ruta tatu. Ya kwanza ilikuwa kubwa kama ya Clive. Ya pili ilikuwa ya wastani. Ya tatu ilikuwa ndogo, imesimama kama chupa ya maji. Glenys aliipita akaenda moja kwa moja kwenye ile ya wastani.

"Kwa nini hiyo?" Bi Roslyn aliuliza.

"Kubwa naiogopa. Na hii ndogo ni ya kuchezea, siyo?"

"Ishike."

Glenys aliishika ile ndogo. Vidole vyake viliizunguka. Aliweza kuinyanyua kwa mkono mmoja bila taabu. Kidole chake kilifika kwenye swichi bila kuiachia mashine.

"Hiyo siyo ya kuchezea," Bi Roslyn alisema. "Kisu chake kinazunguka kasi kuliko hata cha ile kubwa. Kinakata nyama vilevile, kwa hiyo iheshimu. Lakini nguvu yake inatosha kingo, na mkono wako unaimudu. Ruta ya kuchagua ni ile inayolingana na kazi yako na unayoimudu. Mtu wa kutengeneza milango, au wa kuchimba mifereji mirefu kwenye mbao nene, huyo nitampa kubwa. Wa kuanza kuchimba katikati ya mbao, nitampa yenye kitako kinachoshuka na kupanda, kama hii ya wastani. Wewe unapita ukingoni tu."

"Na aliyetuuzia alisema kubwa inafanya yote."

"Alitaka kuuza kubwa."

Bi Roslyn akamwonyesha kirungu kidogo chenye namba. Ndicho kinachopunguza mwendo. Kisu chembamba kinaweza kwenda kasi. Kisu kipana lazima kiende polepole. "Ruta isiyo na kirungu hiki, iache dukani," alisema. "Na uiwashe usikie. Nzuri inaanza taratibu, haikurukii mkononi."

Kisha akamfundisha kuweka kisu. Kwanza plagi nje. Kisha mdomo na mguu wa kisu, robo inchi kwa robo inchi. Glenys alisoma namba mara mbili kwa sauti. Alikisukuma kisu mpaka mwisho wa tundu, halafu akakirudisha nyuma kidogo, unene wa kijiti cha kiberiti.

"Kwa nini nisikiache mpaka chini?"

"Kikigusa chini, nati inaweza kukudanganya. Unahisi imekaza, kumbe kisu kimegota tu."

"Mashine hii ina uongo mwingi!"

"Ndiyo maana tunaikagua."

Glenys alivaa miwani ya kinga, akaziba masikio, akavaa barakoa ya vumbi. Walibana kipande cha mbao mezani kwa vibano viwili, kisicheze. Glenys alisimama mbele ya ukingo. Aliweka mashine upande wa kulia, tayari kuisogeza kushoto, kama mtu anayepiga pasi.

Mkono wa Bi Roslyn ulitua begani kwake.

"Usiwashe!"

Glenys aliganda. "Nimefanya nini?"

"Clive alianzia wapi?"

"Sijui."

"Kulia," sauti ilisema mlangoni. "Nilianzia kulia."

Clive alikuwa amesimama pale, funguo za gari mkononi. Hakuna aliyejua ameingia saa ngapi.

Bi Roslyn alichukua chaki. Kwenye mbao alichora duara lenye mshale.

"Kisu kinazunguka hivi. Ukianzia kulia kwenda kushoto, unakwenda nacho upande mmoja. Kinaikamata mbao kama gurudumu linavyoikamata barabara. Mashine inakimbia, na wewe unaburutwa. Ukienda kutoka kushoto kwenda kulia, mnapingana. Kisu kinakula mbao, wewe unakisukuma, na mwendo ni wako. Ukisimama mbele ya ukingo wa nje, daima kushoto kwenda kulia."

Clive aliufuata ule mshale kwa kidole.

"Ilinivuta," alisema kwa sauti ndogo. "Nilidhani ni nguvu yake tu. Kumbe mimi ndiye niliyekuwa naisaidia kukimbia."

"Sogea karibu uone," Bi Roslyn alisema. "Lakini vaa miwani kwanza."

Glenys alihamia kushoto. Akawasha. Mashine ililia, lakini haikuruka. Alisubiri mpaka mlio ukawa sawa, ndipo akakisogeza kisu kwenye mbao. Kwenye ncha ya kisu kulikuwa na kigurudumu kidogo. Kigurudumu kilifuata ukingo chenyewe, naye akakifuata. Vumbi laini lilimwagika. Katikati alisita akifikiri, akasimama kidogo, na palepale mbao ikawa na doa jeusi.

"Ukisimama, unaunguza!" Bi Roslyn alipiga kelele. "Nenda tu!"

Akaenda. Alipofika mwisho alizima, akangoja kisu kisimame kabisa, ndipo akaiweka mashine chini. Akavua barakoa. Akapitisha kidole.

Kona haikuwepo tena.

"Jamani," alisema. "Jamani, Clive, gusa hapa."

Clive alivua saa, akapitisha sehemu laini ya ndani ya mkono wake kwenye ukingo. Akaipitisha tena akibonyeza. Ukingo haukuacha hata alama.

"Tena hiyo ni raundi ya kwanza," Bi Roslyn alisema. "Mbao yenu ni ngumu. Msikate kina chote mara moja. Kateni kidogo, shusheni kisu, rudieni. Mwisho msasa."

Walinunua ruta ndogo kwenye duka la vifaa pale mjini, si mtandaoni. Glenys aliishika kwanza. Aliomba iwashwe. Aliuliza, "Mdomo wake ni robo inchi au milimita sita? Na visu vyake navipata hapahapa?" Muuzaji aliinua nyusi, akageuza boksi akasoma, kisha akaleta visu vinavyolingana nao. Ile ruta kubwa waliipa karakana. Bi Roslyn aliitafutia mdomo na visu vya kipimo kimoja, akaifunga chini ya meza imara, na wanaotengeneza milango wakaifurahia. Visu vya milimita sita Clive alitaka kuvitupa. Bi Roslyn alivichukua, akavitundika ukutani karakana juu ya karatasi iliyoandikwa kwa herufi kubwa: SOMA KIPIMO KABLA YA KUKAZA.

Glenys alifanya kingo zote nne za reli, urefu wote wa korido. Clive alipiga msasa, akapaka mafuta, akafunga reli ukutani. Walitengeneza nyingine fupi kwenye ngazi za baraza ya nyuma. Wiki hizo walikuwa wanakula chakula cha jioni wakiwa na vumbi la mbao kwenye nyusi.

Mzee Alby aliletwa Alhamisi. Alishuka garini akinung'unika juu ya mkanda wa kiti. Kwenye korido alisimama. Aliweka kiganja chake kwenye reli. Akakisogeza taratibu, mbele, akageuza mkono, akapitisha upande wa nyuma wa kiganja, pale ngozi ilipokuwa nyembamba zaidi.

Mzee hakusema neno. Alikwenda chumbani kwake akalala.

"Hajaipenda," Clive alinong'ona.

"Hajaikataa," Glenys alijibu.

Siku zilizofuata mzee alitembea kwa fremu yake ya hospitali, ile ya chuma ya kuegemea, na kila alipotoka chumbani mmoja wao alimfuata nyuma. Reli hakuigusa mbele yao.

Halafu ikaja Jumapili. Glenys alimpelekea mzee dawa zake za asubuhi. Alisukuma mlango. Kitanda kilikuwa kitupu. Blanketi lilikuwa sakafuni. Fremu ilikuwa imesimama kando ya kitanda, peke yake.

Glasi ya maji ilimponyoka mkononi.

"Clive! Clive, amka! Baba hayupo!"

Clive alitoka mbio miguu mitupu. Walifungua bafu. Hayupo. Walichungulia jikoni. Hayupo. Korido ilikuwa tupu, na baridi kali ilikuwa inaingia. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi.

"Mungu wangu," Clive alisema. "Ameanguka nje."

Walisukumana mlangoni.

Mzee Alby alikuwa chini ya ngazi za baraza. Alikuwa amesimama. Alivaa pajama na mabuti ya shambani, buti la kulia mguu wa kushoto. Mkono mmoja ulikuwa umeshika mwisho wa reli. Mkono wa pili ulikuwa hewani, umekunja ngumi. Katikati ya bustani ya mboga kangaruu mdogo aliyetoka porini alikuwa anatafuna mchicha bila wasiwasi.

"Toka!" mzee alikuwa anafoka. "Toka hapo, mwizi mkubwa wewe!"

Kangaruu alimtazama, akaendelea kula.

Glenys aliteremka ngazi mbili mbili. Alimshika mzee mikono, akapandisha vikono vya pajama, akageuza huku na huku. Alitafuta damu. Alitafuta mchubuko. Hakukuwa na hata mkwaruzo, isipokuwa kovu la kile kidonda cha hospitali.

"Baba, umefikaje huku? Nani kakuleta?"

"Nimeletwa na nani? Nimetembea."

"Peke yako? Korido yote? Na ngazi?"

"Kwani mlidhani ile mbao ni ya kupambia ukuta?" Mzee aliwatazama wote wawili, mmoja analia, mwingine ameachama mdomo, miguu mitupu kwenye umande. "Mnanifuata kila siku kama polisi, mtu hawezi hata kuijaribu kwa amani."

Clive naye aliteremka. Alimkumbatia baba yake, na mzee akamwacha, kwa muda mfupi tu.

"Haya, basi, basi," Mzee Alby alisema akimpiga mgongoni. "Sasa nifanyieni nyingine mpaka bustanini. Yule mnyama ameshajua siwezi kupita hapa reli inapoishia. Ananicheka."

Glenys alijifuta machozi. "Ifike kwenye mchicha, baba, au mpaka kwenye uzio?"

"Mpaka kwenye uzio," mzee alisema. "Nikimfukuza, namfukuza mpaka nje."